Mashine ya majani haiwaki, inazima, inatetemeka: pitia hapa kabla hujasema "za siku hizi hamna kitu"

Kila mwaka mvua za vuli zikishashika wiki mbili tatu hapa Arusha simu yangu haipumziki, majani yamepanda ghafla, mashine ilikuwa imelala stoo toka mwezi wa sita, mtu anaitoa anavuta kamba mara thelathini haiwaki, anaipakia kwenye kirikuu analeta kibandani kwangu na neno la kwanza sio shikamoo wala habari ya kazi, ni "fundi, mashine za siku hizi hamna kitu".

Na mi simbishii, maana nusu ya hilo neno ni kweli. Bati la chini saivi jembamba, magurudumu ya plastiki yanazunguka juu ya bolti tu bila bearingi, kabureta nyingine ni plastiki kabisa. Ila nusu ya pili watu hawaitaki: zamani mashine ilikuwa inasamehe. Unainyima oili msimu mzima, unaiwekea petroli ya mwaka jana, unaigonga jiwe, na kesho yake inawaka inanguruma kama hamna kilichotokea. Ya sasa haisamehi. Kwa hiyo kale kamatunzo ambako zamani kalikuwa ka watu wenye utaratibu wao, saivi ndo kanaamua kama mashine inafika miaka kumi au inaishia mvua moja.

Nna mfano wa mashine mbili pacha, zilitoka duka moja wiki moja. Moja ya mama mmoja wa Njiro, kijana wake wa bustani kila akimaliza kukata anachora mstari kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo, mistari ikifika kumi na mbili anamwaga oili anaweka mpya anafuta anaanza upya. Nyingine ilienda kwenye shule. Ya shule nilishaichomoa spea zote zilizobaki nzima, ya mama nimeiona mwezi uliopita kaja kunoa kisu tu.

Ninayoongelea hapa ni mashine ya kusukuma ya petroli yenye oili yake peke yake, sio zile za kubeba begani. Zile nyingi zinachanganyiwa oili kwenye petroli na ukizipa petroli tupu zinajikaanga ndani ya dakika chache, hilo tu kwa leo. Na kabla hujapeleka mkono chini ya mashine kwa sababu yoyote ile chomoa waya wa plagi, kisu ukikizungusha kwa mkono injini inaweza kushika, na vidole havina spea.

Haiwaki kabisa

Hii ndo inaleta watu wengi kuliko zote, na mara nyingi ni petroli tu. Petroli ikikaa inabadilika, ile sehemu nyepesi inayoshika moto kirahisi inaruka inabaki nzito, baada ya kama mwezi hivi injini ndogo inaanza kuisikia, ikikaa miezi minne mitano inaacha gundi ya kahawia ndani ya kabureta. Fungua mfuniko wa tangi unuse. Petroli nzima inakupiga puani palepale, iliyokufa inanuka kama vanishi ya fundi seremala, ukiisikia hiyo harufu usihangaike na kitu kingine, mwaga yote.

Kuna na ile ya kununua kwenye chupa pembeni ya barabara. EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta toka 2010 kwa ajili ya wachakachuaji, ila kinasaba hakikusaidii chochote kama mafuta umeyapata kwenye chupa ya maji kwa mtu ambaye chupa ya jirani yake ina mafuta ya taa. Mafuta ya taa yakiingia kidogo injini inakuwa ngumu kuwaka, ina moshi, na ikipata moto inagonga.

Ukitaka kujua kama tatizo ni mafuta au ni umeme, fanya hivi. Toa plagi, dondoshea petroli mpya ndani ya silinda, kidogo sana, nusu kijiko cha chai, rudisha plagi, vuta. Ikishika sekunde mbili tatu ikazima, basi moto upo na kompresheni (mbano wa ndani ya silinda) ipo, ila mafuta hayafiki, nenda kwenye kabureta. Isipokohoa hata kidogo geukia umeme.

Kwenye umeme wengi wanakimbilia plagi, mi naanza na ule mkono wa waya unaoubana pamoja na mpini. Ule sio pambo. Marekani toka 1982 sheria inataka kisu cha mashine ya kusukuma kisimame ndani ya sekunde 3 ukiachia mpini, na mashine nyingi zinafanya hivyo kwa kuizima injini yenyewe, ukiachia mkono kuna breki inakamata fulaiwili, lile gurudumu zito la juu ya injini, na papo hapo umeme wa koili inayotoa cheche unakatwa. Sasa waya wake ukilegea, hata ukibana mkono mpaka mwisho kule chini haujavuta sawasawa, koili bado imezimwa, utavuta kamba mpaka Krismasi. Mtu abane mkono, we angalia kule kwenye injini kama kale kachuma kanasogea mpaka mwisho. Nishapokea mashine tatu zenye "koili mbovu" ambazo nilikaza nati moja tu ya waya. (Na wale wanaoufunga huo mkono kwa kipande cha tyubu ili usiachie, nawaona, mashine zinakuja kwangu na tyubu imeshagandia kwenye mpini, siku mtu atateleza kwenye majani mabichi ndo itajulikana kazi yake.)

Ndo uje kwenye plagi. Uwazi wa pale kwenye ncha uwe milimita 0.7 mpaka 0.8, plagi ya injini ya Honda GXV160 ni NGK BPR6ES na inapatikana kila duka la spea, ila angalia feki, zimejaa, maandishi yanafutika ukisugua na kidole chenye petroli. Igusishe plagi kwenye chuma cha injini, mbali na lile tundu ulilotoka kumwagia petroli, zima taa, vuta kamba, cheche iwe ya bluu inayolia. Kama hamna na plagi ni mpya, toa koili, piga msasa laini pale inapotazamana na fulaiwili maana kutu inajaa, halafu ukiirudisha weka kadi ya biashara katikati, kaza bolti, vuta kadi itoke. Unene wa kadi ndo uwazi wenyewe, watu wananiangalia kama mganga nikitoa kadi ya mtu mfukoni.

Na hapa niseme ukweli, kwenye umeme mashine za sasa ni bora kuliko za zamani. Wazee wanakumbuka platini, vile vichuma vya kufunga na kufungua umeme wa cheche, ukungu kidogo tu asubuhi unasugua platini. Briggs & Stratton walizitoa kwenye injini zao 1982 wakaweka koili isiyo na platini na tokea hapo hilo gonjwa likaanza kufa. Kwa hiyo sio kila cha zamani kilikuwa dhahabu.

Kabureta sasa. Ukifungua lile bakuli la chini, bolti moja tu, utakuta ama maji, ama mchanga, ama ile gundi. Bolti au jeti ya katikati ina tundu dogo kuliko sindano ya kushonea, liangalie kwenye mwanga wa jua, kama huoni mwanga upande wa pili umepata mgonjwa wako. Usilichokonoe na sindano ya chuma wala waya wa breki, utalipanua, likishapanuka halirudi na injini itakula petroli mpaka uiuze. Chukua waya wa umeme wa shaba, nyofoa unywele mmoja, pitisha taratibu, puliza na upepo wa kujazia tairi. Pembeni ya lile bomba la katikati kuna vitundu vingine vidogovidogo, navyo pitisha. Rudisha boya lake likiwa linacheza huru. Nikimaliza hapa mashine nane kati ya kumi zinawaka, na mwenye mashine anaona kama nimemlia hela kwa kazi ya nusu saa.

Za zamani ungekuta skrubu ya kurekebisha mchanganyiko, ulikuwa unageuza robo mzunguko unaficha ugonjwa mwaka mzima. Sheria za moshi za injini ndogo zilipoanza kule Marekani 1997 na kuzidi kukazwa, viwanda vikaziba zile skrubu na jeti ikawa ni saizi moja, petroli inayopita ni kidogo kwa makusudi. Injini inatoa moshi mchache, sawa, ila uchafu ambao zamani ungepita bila kuonekana saivi unaizima. Mtu anaita ubovu, mi naita haina ziada ya kuchezea.

Inawaka, inakata dakika kumi, inazima, ukiiacha ipoe inawaka tena

Kabla ya yote legeza mfuniko wa tangi inapozima. Ukisikia "fyuuu" hewa inaingia, umeshapona, mfuniko una katundu ka kupumulia kameziba vumbi na majani, petroli ikishuka inashindwa kushuka zaidi maana hamna hewa ya kujaza nafasi. Osha mfuniko na petroli, puliza.

Kama sio mfuniko, pima cheche palepale ikiwa ya moto. Koili inayokufa ikiwa baridi inafanya kazi vizuri kabisa, ikipata moto inakata, ndo maana unaileta kwa fundi asubuhi inawaka mara ya kwanza unaonekana muongo. Hiyo haina matengenezo, ni kununua.

Haina nguvu, au inapanda inashuka

Ile ya kupanda na kushuka, ngurumo inakuja inaondoka kama mtu anapandisha kilima na baiskeli, mara nyingi ni tundu la sailensa (la mwendo wa chini) kwenye kabureta limeziba nusu, au gasketi kati ya kabureta na injini inavuta hewa. Nyunyizia maji kidogo pale kwenye kiungo ikiwa inawaka, mlio ukibadilika hewa inapita pale.

Ya kukosa nguvu ina sababu nyingi na nyingine sio za injini kabisa. Geuza mashine uangalie chini. Majani yaliyogandia unene wa vidole viwili yanamaliza nafasi ya hewa, kisu kinasukuma uji badala ya kukata. Kwangua na kipande cha mbao. Halafu gusa kisu. Kisu butu hakikati, kinachana, kesho yake ncha za majani zinakuwa nyeupe uwanja mzima, na injini inafanya kazi ya watu wawili. Halafu urefu: majani ya kikuyu tuliyonayo huku juu yanafuma kama zulia, ukiyaacha mwezi yakafika magotini ukataka kuyashusha yawe uwanja wa gofu siku moja, hamna injini ya nyumbani inayoweza hiyo. Toa theluthi moja, subiri siku tatu nne, toa tena. Yaliyofika magotini yanaanza na fyekeo, tulishika fyekeo toka darasa la tatu wote, halijasahaulika.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo muuzaji wa Dar hatakuambia. Injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, hii iko mpaka kwenye vitabu vya Honda. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari. Piga hesabu, mashine iliyokuwa inakata ukoka vizuri Mbezi kule Dar ikifika huku imeshapungukiwa kama asilimia 16 hata kabla hujaivuta kamba, na juu ya hapo hewa nyembamba inafanya petroli iwe nyingi kuliko hewa, plagi inakuwa nyeusi masizi. Mwenyewe anaapa kauziwa mbovu. Sio mbovu, imepanda mlima. Ukiwa unanunua huku au Karatu huko au Mbulu, chukua injini kubwa hatua moja kuliko uliyoshauriwa na usafishe plagi mara kwa mara.

Na ukiwa dukani usidanganywe na namba ya nguvu za farasi zilizoandikwa kwa stika kubwa. Hata Marekani walishitakiana kwa hilo, kesi ya wateja dhidi ya watengenezaji na wauzaji wakubwa kwamba namba zilikuzwa, ikaisha kwa makubaliano 2010, ndo maana saivi injini nyingi zinauzwa kwa sisi (cc, ukubwa wa injini) au kwa nguvu ya msokoto. Angalia hizo cc, 160 mpaka 190 kwa uwanja wa kawaida wa nyumbani.

Inatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi

Zima. Usiseme namalizia hiki kipande. Mtetemo huu unakula bearingi, unapasua bati, unalegeza bolti za injini, na kuna siku kisu kitaondoka.

Karibu kila mara ni kisu. Ama kimegonga kimepinda, ama kimenolewa upande mmoja. Yule anayechomelea mageti anakinoa kwa grainda nusu dakika, upande mmoja kala sentimita nzima, mwingine kagusa, kisha mtu anakirudisha kinazunguka mara elfu tatu kwa dakika. Pima hivi: piga msumari ukutani, tundika kisu kwa tundu la katikati. Upande unaoshuka ndo mzito, huo ndo unaupiga tupa, kidogo kidogo, mpaka kikae mlalo kama mzani wa soko. Makali yawe mteremko wa kama digrii 30, na sio lazima kinyoe ndevu, kikiwa chembamba sana kinajikunja kwenye kijiti cha kwanza. Tupa ya mkono inatosha, grainda inaunguza chuma kinakuwa cha bluu na pale palipokuwa bluu hapakai makali tena.

Kisu kikiwa sawa na bado inatetemeka, chomoa waya wa plagi, laza mashine, weka kijiti kigusane na ncha ya shafti, zungusha taratibu. Kama shafti inacheza inakaribia kijiti inaondoka, krenki imepinda. Wapo wanaoinyoosha kwa nyundo. Mi siinyooshi, na nikiambiwa kuna aliyeinyoosha sisimami karibu ikiwaka.

Imegonga jiwe, toka hapo haiwaki au kamba inavuta mkono kwa nyuma

Juu chini ya fulaiwili kuna kii, kachuma laini kadogo kama nusu ya njiti ya kiberiti, kazi yake ni kukatika. Ukigonga jiwe kisu kinasimama ghafla, fulaiwili inataka kuendelea, kii inakatika au inasogea milimita moja, na taimingi inapotea. Cheche inakuja wakati sio wake, kamba inakung'ata mkono. Spea yake ni ya bei ndogo kuliko soda mbili. Nilichokiona mara nyingi nikifungua ni kipande cha msumari kimewekwa pale na fundi aliyetangulia, kwamba "hiki hakikatiki". Kweli hakikatiki. Jiwe linalofuata ndo linapinda krenki na mashine imeisha.

Kabla hujafungua huko juu lakini, shika kisu utikise. Kwenye mashine nyingi za sasa fulaiwili ni nyepesi na kisu kinasaidia uzito wake, kikilegea kamba inang'ata vilevile. Nilishinda nusu siku na hii nikiwa mgeni kwenye kazi, nikafungua mpaka kichwa, kumbe bolti ya kisu.

Moshi

Mweusi ni petroli nyingi: filta ya hewa imejaa au choki haijafunguka. Filta ya sponji unaiosha na sabuni unakausha unaipaka oili kidogo, ya karatasi haioshwi, inakung'utwa na kubadilishwa. Vumbi la kiangazi hapa ni msasa mtupu, mashine ikiendeshwa bila filta wiki mbili ringi zimeisha.

Mweupe wenye ubluu ni oili. Usikimbilie kusema ringi. Uliza kwanza ililazwaje. Ukiinua mashine kusafisha chini, filta ya hewa ikae juu, wakati wote, ukilaza upande wake oili inatiririka mpaka kwenye filta na kabureta na ukiwasha majirani wanadhani unachoma takataka. Hiyo iache inguruke dakika kumi itaisha. La pili ni oili iliyozidi. Chupa ya dukani ni lita moja na mtu anaimimina yote maana hamna anayebakiza. Injini ya Honda GXV160 inabeba lita 0.65, ndugu yake GCV160 lita 0.55. Ile iliyozidi inatafuta njia ya kutokea. Moshi ukibaki baada ya hayo mawili ndo tuongee ringi na sili ya valvu.

Imegonga kwa ndani, imekwama

Hapa hamna utatuzi, hapa ni msiba, ila nieleze inavyokuwa ili ujue. Injini hizi nyingi hazina pampu ya oili ya maana, kuna kijiko au gia inayorusha oili humo ndani kila kitu kinalowa kwa kurushiwa. Oili ikishuka kidogo chini ya alama kijiko kinapiga hewa. Mkono wa pistoni ni aluminiamu inayozunguka moja kwa moja juu ya krenki bila bearingi, ikikauka dakika chache inashika, inavunjika, inatoboa ukuta wa injini. Ile ya shule niliyosema, tundu lake linapita kidole gumba. Nilipomwaga oili iliyobaki ilijaa kikombe cha kahawa, nyeusi, nzito, ina vimetameta kama rangi ya gari. Miezi minane toka itoke kwenye boksi. Oili ya kwanza ile ile.

Oili ya kwanza hasa ndo inatakiwa kutoka mapema, Briggs wanasema baada ya saa 5 tu, maana injini mpya inasagika ikijizoesha na vile vichuma vinabaki humo. Baadaye kila saa 50, na kwenye vumbi au kazi nzito kila 25. Yule kijana wa Njiro anatumia saa mbili kwa kukata mara moja, mistari yake kumi na mbili ni kama hiyo 25, alinisikiliza siku moja akaifanya chaki. Oili yenyewe iwe SAE 30 au 10W-30, na kwenye mteremko mkali usikae muda mrefu maana oili inakimbilia upande mmoja.

Mwaka 2015 Briggs & Stratton walitoa injini ambayo unaambiwa huhitaji kumwaga oili, unaangalia na kuongeza basi. Labda kwa mtu wa bustani ndogo isiyo na vumbi inayokatwa nusu saa. Huku, mwaga. Oili sio kwamba inapungua tu, inachafuka, na uchafu hauongezewi mpya juu yake ukapotea.

Soko lenyewe nalo halieleweki. Hao hao Briggs Julai 2020 walifika mahakamani kwa kufilisika wakauzwa, Honda waliacha kutengeneza mashine za petroli za kukatia majani kwa soko la Marekani 2023. Injini bado zipo na spea bado zipo, ila unaona upepo unavyoenda, mtu anayenunua anataka bei ya chini na kiwanda kinamfuata huko huko. Ndani ya kampuni moja kuna injini ya kazi na injini ya nyumbani, GXV ni ya kazi valvu zinasukumwa na fito, GCV ni ya nyumbani ina mkanda wa mpira humohumo ndani, kwa macho zinafanana na bei inatofautiana sana. Ya nyumbani sio mbovu hata kidogo ukiipa kazi ya nyumbani. Shule ya ekari mbili ikinunua ya nyumbani kwa sababu tenda ilisema bei ya chini, hapo sina la kufungua spana.

Kabla ya kuilaza kiangazi

Iwashe, funga koki ya petroli, iache imalize iliyopo kwenye kabureta mpaka izime yenyewe, halafu mwaga ya kwenye tangi weka kwenye pikipiki itumike. Mwaga oili ikiwa bado ya moto. Toa plagi, dondosha oili matone machache kwenye silinda, vuta kamba mara mbili taratibu, rudisha plagi. Kwangua chini, paka oili chafu kwenye bati kuzuia kutu. Usiioshe kwa mashine ya kuoshea magari, maji yanaingia kwenye koili na kwenye tangi, tutakutana novemba.

Na ukija novemba, njoo na petroli ulokuwa unatumia kwenye kidumu chake, njoo na kisu chake hata kama ulikitoa, na uniambie ukweli kama iligonga kitu. Nikifungua nitaona tu.